Hodi ya Mwenye Mzigo

Hodi ni neno dogo, lakini ndani yake mna sheria kubwa. Mtu asimamaye mlangoni pa mwenzake akaita hodi hukiri mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba nyumba ile si yake, kwamba mwenye nyumba ana haki ya kumjua ajaye na kukijua aletacho, na kwamba jibu laweza kuwa la kukataa. Asiyekiri hayo haiti hodi. Hupiga kelele tu, na mguu wake umekwisha kuvuka kizingiti. Adabu ya pwani imeweka kikomo cha jambo hilo tangu zamani: hodi huitwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka bila kinyongo.

Katika zama hizi hodi imepata umbo jingine ambalo wahenga hawakuliona. Mataifa yameafikiana kwamba mwenye taka za sumu asizivushe mpaka wa nchi yoyote kabla ya kuomba, kungoja na kupewa ridhaa kwa maandishi. Mkataba wa Basel, uliopitishwa Machi 1989 na kuanza kutumika Mei 1992, ndio ulioifanya hodi hiyo kuwa sheria. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Afrika haikutosheka na hodi peke yake. Huko Bamako, mji mkuu wa Mali, ilifanya mkataba wake Januari 1991, nao ukapiga marufuku kuingiza barani taka hatarishi kutoka nchi zisizo wanachama. Tanzania imo katika mkataba huo pia, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeyatia masharti ya jambo hili katika sheria za nchi.

Swali la sheria katika habari hii ni jepesi: kibali kipo au hakipo? Swali la maadili ni zito zaidi, nalo ni hili: kibali kikiisha kutolewa, mzigo huwa wa nani? Je, huwa umemtoka mwenyewe na kuwa wa aliyeitikia karibu? Au ungali wake, ila umepewa njia ya kupita? Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walijua kuwa jicho la binadamu halipimi vizuri uzito ulio juu ya kichwa cha mwingine. Yafaa kuuliza kama karatasi yenye mhuri yaweza kulitibu jicho hilo, au yaweza kulipofusha zaidi.

Hakuna mahali pafaapo kulipima swali hili kuliko Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, kwa kuwa jina la mtaa huo lenyewe ni jina la mizigo. Ni matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wapagazi kilichoundwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walitwaliwa kutoka vijijini mwa Afrika ya Mashariki, wengi wao kwa kushurutishwa, wakabeba chakula na risasi za vita ambavyo hawakuvianzisha wala hawakuulizwa habari zake. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi na uchovu viliua wengi kuliko bunduki. Jeshi hilo likaisha, jina likabaki, na juu ya jina hilo likasimama soko kubwa.

Leo mizigo ya Kariakoo ni ya namna nyingine. Katika Mtaa wa Msimbazi, wa Kongo, wa Aggrey na vichochoro vilivyo baina yake, zinauzwa simu, redio, taa, betri, nyaya na vyombo vya umeme vya kila aina, vipya na vilivyokwisha kutumika kwingine. Wanunuzi hutoka mikoa yote, na tena hutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Chombo kikiwa kizima huvuka mipaka kwa heshima zote za bidhaa: hutozwa ushuru, hupigwa mhuri, hupita. Siku kinapokufa hubadilika jina. Kile kilichoingia nchini kwa shangwe hakiwezi tena kutoka bila hodi, maana ndani yake mna risasi, zebaki na sumu nyingine ambazo zilikuwamo tangu siku ya kwanza, ila wakati kingali hai hakuna aliyependa kuzitaja.

Na achukuliwe kwa mfano mfanyabiashara mmoja wa kufikirika, aitwe Fulani. Kazi yake ni kununua kutoka kwa mafundi simu bodi zilizokufa, na kuzikusanya katika magunia ndani ya stoo yake karibu na Gerezani. Bodi hizo zina shaba, fedha, na chembe za dhahabu; zina risasi pia, na plastiki ambayo ikichomwa hutoa moshi mbaya. Viwanda viwezavyo kuyatenganisha madini hayo yote kwa ustadi ni vichache duniani. Kimojawapo kiko Hoboken, penye mji wa Antwerp nchini Ubelgiji. Fulani ana njia tatu mbele yake. Aweza kuwapa vijana bodi na nyaya wakazichome bondeni kwa Mto Msimbazi, akapata shaba jioni ile ile. Aweza kuzijaza ndani ya kontena na kuandika katika hati kwamba ni vifaa vilivyotumika. Au aweza kuita hodi.

Njia ya tatu si fupi. Kwanza hana budi kuwa na mkataba wa maandishi na mwenye kiwanda huko aendako, unaoeleza jinsi taka zitakavyoshughulikiwa bila kudhuru watu na mazingira. Kisha taarifa yake hupitia kwa mamlaka ya nchi yake hadi kwa mamlaka ya nchi ya kupokea. Taarifa hiyo hutaja mwenye taka, asili yake, uzito wake, namna zilivyofungwa, njia zitakayopita, bandari zitakazoguswa, atakayezipokea, atakachozifanyia, na bima au dhamana iliyowekwa. Kila nchi ya kupitia nayo hupelekewa habari. Meli ikitia nanga Salalah katika pwani ya Omani, Omani nayo ni mlango. Nchi ya kupokea hujibu kwa maandishi: yakubali, yakubali kwa masharti, yakataa, au yataka maelezo zaidi. Shehena ikiondoka, hati ya mwendo hufuatana nayo, na kila aipokeaye mkononi hutia sahihi yake, mpaka mwenye kiwanda athibitishe kwamba amezipokea taka na amezimaliza kama ilivyoagizwa.

Mtu aitazamaye orodha hiyo kwa haraka huona urasimu. Atazamaye kwa utulivu huona adabu ya mlangoni iliyoandikwa kwa wino. Mwenye nyumba akisikia hodi huuliza, nani? Hiyo ndiyo sehemu ya taarifa. Mgeni hungoja nje. Hiyo ndiyo sehemu ya ridhaa. Akikataliwa hurudi na alichokuja nacho. Hiyo ndiyo sehemu ya dhamana. Kwa hiyo thamani ya kibali hutegemea thamani ya sehemu hizo tatu, na kila moja ina mlango wa nyuma ambao uovu hupitia.

Sehemu ya kwanza ni kulitaja jina la kitu kwa ukweli. Uongo mwingi katika biashara ya taka hauanzi baharini. Huanza katika neno. Kinachoitwa taka huhitaji hodi, na kinachoitwa mtumba, sampuli au msaada hupita. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, karibu na Kibaha katika mkoa wa Pwani, lilipokea kutoka Ugiriki shehena ya viuatilifu iliyoitwa msaada, ambayo sehemu yake ilikuwa imekwisha kupita muda wa kutumika. Ghala likachakaa na kuanguka, mvua ikanyesha juu ya dawa, na miaka mingi baadaye wanakemia waliopima udongo wa mahali pale wakakuta mabaki ya DDT. Hakuna aliyeita hodi kwa ajili ya taka, kwa sababu hakuna aliyesema kwamba ni taka. Zawadi ina fadhila hii mbaya, kwamba apewaye huona haya kuifungua na kuikagua mbele ya mtoaji.

Mataifa yalilijua tundu hilo, ila yalichukua muda mrefu kuliziba. Kwa miaka mingi msafirishaji wa vyombo vibovu vya umeme aliweza kudai kwamba vyake si vya hatari, na kwa dai hilo asiombe ridhaa ya mtu. Mwaka 2022 wanachama wa Mkataba wa Basel walikubaliana kuondoa mwanya huo, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe zimehesabiwa kuwa hatarishi au sivyo, hazina budi kuombewa ridhaa. Walakini sheria haiwezi kumaliza kazi hiyo peke yake. Baina ya chombo kilichotumika na chombo kilichokufa pana mstari mwembamba, na mara nyingi mtu wa kwanza aujuaye ukweli wa mstari huo ni fundi aliyekishika mkononi. Ombi la kibali ni jambo la dhamiri kabla halijawa jambo la ofisi. Mkataba wenyewe umelitambua hilo, kwa kuwa umesema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kughushi au kwa kudanganya haihesabiwi, na mwendo wa mzigo huo ni haramu kana kwamba hapakuwa na kibali kabisa.

Sehemu ya pili ni kungoja. Katika mambo ya posa husemwa kwamba kimya chaweza kuwa ridhaa. Katika mambo ya sumu si hivyo: nchi ya kupokea haina budi kusema, na isiposema, mzigo haundoki. Hapa Fulani ana malalamiko ya haki. Yeye aliyechagua njia ya uaminifu atakaa na magunia yake mwezi baada ya mwezi, akilipa kodi ya stoo, na barua yake ikizunguka kutoka meza hadi meza na kutoka mji mkuu hadi mji mkuu. Jirani yake aliyewapa vijana kiberiti amekwisha kuuza shaba na kula faida. Yuko asemaye, tena kwa nguvu, kwamba hodi ndefu humfukuza mgeni mwema na kumwachia mwizi uwanja.

Neno hilo halifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba sheria ya namna hii humlemea mdogo kuliko mkubwa. Kampuni yenye mawakili na makarani huweza kuomba ridhaa moja ikatosha kwa shehena nyingi za namna moja kwa muda wa hadi miezi 12. Mkusanyaji wa magunia hana karani hata mmoja. Lakini dawa ya ugumu huo si kuondoa hodi. Dawa yake ni kukumbuka kwamba mwenye nyumba naye ana adabu impasayo. Aitwaye hodi hana ruhusa ya kujificha chumbani na kunyamaza. Aweza kusema karibu, aweza kusema subiri, aweza kusema hapana, lakini aseme. Mkataba umeipa nchi ya kupitia siku 60 za kujibu, na siku hizo zimehesabiwa ili mwombaji asigeuzwe mfungwa wa uvivu wa wengine. Ofisi inayomchelewesha mwaminifu pasipo sababu ina sehemu yake katika moshi wa bondeni, ingawa haikuwasha moto.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu kupita zote: ni nani aitikiaye karibu? Nyumba ina baraza na ina ua. Anayekaa barazani ndiye asikiaye hodi na ndiye ajibuye. Anayekaa uani ndiye atakayelala karibu na mzigo. Katika miaka ya 1987 na 1988 maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalishushwa Koko, bandari ndogo ya Nigeria, yakawekwa katika kiwanja cha mtu aliyeahidiwa kodi ya dola 100 kwa mwezi. Kwa maneno ya juu juu mtu huyo aliridhia: aliombwa, akakubali, akapangisha. Lakini aliridhia nini? Aliridhia mapipa, sumu hakuijua. Ridhaa isiyo na maarifa ni kivuli cha ridhaa, na dola 100 zilizotolewa kwa asiyejua si bei ya mzigo, bali ni bei ya ujinga wake.

Mtu aweza kusema kwamba kosa la Koko lilikuwa kumwendea mtu mmoja badala ya serikali, na kwamba siku hizi serikali ndiyo iulizwayo, nayo ina wataalamu. Mfano wa Mombasa wajibu neno hilo. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi, tangu mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake viliingia katika nyumba za majirani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba risasi imeingia hata katika mwili wa mtoto wake, akaanza kuwatetea wakazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikawatwika dhima wenye kiwanda pamoja na vyombo vya serikali vilivyopaswa kuwalinda wakazi hao. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kwa hiyo barazani walikuwako watu wenye mamlaka ya kuitikia na kukataa, na bado waliokaa uani hawakupata mlinzi.

Kiswahili kimelipa neno moja kazi mbili. Risasi ni kile kitokacho katika bunduki, na risasi ni madini yaliyomo ndani ya betri ya gari. Wapagazi walioiachia Kariakoo jina walibeba ya kwanza vichwani. Watoto wa Owino Uhuru waliibeba ya pili katika damu. Hawa na wale hawakuulizwa. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama, na mtoto ndiye aumiaye zaidi, kwa sababu ubongo wake ungali unajengwa. Mtoto hatii sahihi katika hati yoyote. Lakini hati yoyote isiyomfikiria imeandikwa dhidi yake.

Wala isidhaniwe kwamba ua ni wa nyumba za maskini tu. Hoboken yenyewe, mahali ambapo bodi za Fulani zingepelekwa kwa kuwa pana ustadi na sheria kali, majirani wa kiwanda wana watoto ambao damu yao hupimwa mara kwa mara kwa ajili ya risasi, na mwaka 2020 vipimo hivyo vilipanda kiasi cha kuleta fadhaa kubwa. Huenda mtu wa Kariakoo akasema: Wazungu ni matajiri, wametuuzia vyombo, basi na wavipokee mavi yao. Katika neno hilo mna haki kiasi, kwa kuwa aliyekula nyama asiwaachie wengine mifupa tu. Lakini haki hiyo haimfuti mtoto wa Hoboken. Yeye hakuuza simu Kariakoo, kama mtoto wa Owino Uhuru asivyonunua gari. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hata pale ambapo mwenzio ni tajiri.

Kutokana na hayo huonekana jibu la swali la kwanza. Kibali humpa mwenye mzigo njia, hakimtui mzigo. Jambo hili si mawazo ya wanafalsafa tu. Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Basel kimesema kwamba wajibu wa nchi itokayo taka, wa kutaka zishughulikiwe bila madhara, hauwezi kuhamishiwa nchi ya kupokea wala ya kupitia. Tena kimeikataza nchi hiyo kuruhusu taka ziondoke ikiwa ina sababu ya kuamini kwamba huko ziendako hazitatendewa sawasawa. Maana yake ni kubwa: hata karibu iliyotamkwa kwa sauti kubwa haitoshi, ikiwa anayebisha hodi anajua kwamba nyumba haina mahali pa kuuweka mzigo. Mzigo huvuka mpaka, wajibu hauvuki.

Wako watakaopinga kwa hoja ya kale kwamba aliyekubali hakudhulumiwa. Watasema kwamba nchi ni kama mtu mzima: ikisema ndiyo, kumtaka mwenzake aendelee kuwajibika ni kuitendea kama mtoto. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, nayo ingesimama kama kila aliyekubali angekuwa ndiye abebaye, na kama angejua abebacho, na kama angeweza kukibeba. Mwezi wa Agosti 2006 meli iliyoitwa Probo Koala iliacha taka zake Abidjan, nchini Kodivaa. Ilikuwa imejaribu kwanza kuzishusha Amsterdam, ikaona bei ya kuzisafisha imekuwa kubwa, ikaenda zake. Abidjan ilipata kampuni ndogo iliyokuwa imepewa leseni majuma machache tu kabla ya hapo, isiyokuwa na mtambo wa kuzisafisha. Taka zikamwagwa huku na huku mjini usiku, na watu maelfu kwa maelfu wakajaa hospitali. Karatasi ilikuwapo. Ridhaa ya aina fulani ilikuwapo. Kilichokosekana ni uwezo, na aliyekabidhi mzigo kwa bei ndogo alikuwa na kila sababu ya kushuku kwamba bei ile haikununua usafi.

Kinyume chake, habari ya Koko ilimalizika kwa namna inayofundisha. Nigeria ilipogundua lililofanyika, ilidai taka ziondolewe, na mwaka 1988 zikapakiwa melini kurudishwa. Meli moja, Karin B, ilikataliwa na bandari kadhaa za Ulaya kabla ya mzigo wake kupokewa Italia. Kwa majuma mengi bahari ilibeba hoja ya maadili ambayo hakuna aliyetaka kuisikia: kwamba kitu kilichohesabiwa kuwa kizuri kutosha kwa ua wa mtu wa Koko hakikuwa kizuri kutosha kwa gati la Ulaya. Mwaka uliofuata Mkataba wa Basel ulipitishwa, na ndani yake likawekwa sharti la kurudisha: mwendo ulioruhusiwa ukishindikana kutimizwa kama ulivyoafikiwa, wala pasipatikane njia nyingine ya salama, nchi itokayo taka huzirudisha kwake ndani ya siku 90. Sharti hilo ndilo kiini cha hodi. Aliye tayari kurudi na mzigo wake ndiye peke yake aliyeita hodi kwa moyo mmoja.

Hapa Kariakoo inapata fundisho ambalo si la Fulani peke yake. Soko hilo si mlango wa kupokea tu. Ni mlango wa kutolea. Redio, taa na betri zinunuliwazo hapo hufika Lusaka, Lubumbashi na Moroni, na huko nako zitakufa siku moja. Vilevile Dar es Salaam ni bandari ya majirani wasio na bahari, na taka za Zambia au za Rwanda zikitaka kwenda ng'ambo huweza kuita hodi katika nchi hii kama nchi ya kupitia. Mtu wa mji huu basi huwa mwita hodi leo na mwitika hodi kesho. Aliyezoea kulalamika kwamba wengine humtupia takataka zao yampasa ajiulize ni nani wamwangaliao yeye kwa jicho hilo hilo. Dhuluma haipungui kwa kushushwa ngazi moja.

Msomi aombwaye maoni juu ya kibali cha namna hii, au afisa akaaye mbele ya faili lake, atafanya vema kuuliza maswali machache kabla ya kuuliza kama fomu zimejazwa. Je, kitu kimeitwa kwa jina lake? Je, aliyekubali anajua alichokubali, na ana uwezo wa kukitenda? Je, walioko uani wamefikiriwa, na kama wangeulizwa kwa lugha wanayoielewa wangesema nini? Je, mwenye mzigo yuko tayari kuurudisha? Maswali hayo yakipata majibu ya kweli, kibali ni halali hata kama kimechelewa. Yakikosa majibu, kibali ni karatasi hata kama kimepigwa mihuri kumi.

Na Fulani je? Magunia yake yangali stooni, na bonde la Msimbazi li karibu kuliko Antwerp. Maadili hayamwambii kwamba njia ya hodi ni rahisi, wala kwamba italeta faida. Humwambia tu kwamba sumu iliyomo ndani ya gunia haipotei kwa kuchomwa, haipotei kwa kuandikwa jina jingine, na haipotei kwa kuvuka mpaka, hubadilisha mbebaji. Akiisha kulijua hilo, kila njia atakayoichagua itakuwa imemchagulia mtu fulani mzigo. Haki ya mtu huyo ni ndogo, nayo haiwezi kupunguzwa zaidi: aulizwe kabla ya kutwikwa.